Nani Amdaiye Maiti Huyu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, na kila atakayesoma au kusomewa waraka huu: jambo tutakalolisema leo si geni, lakini ni jambo ambalo watu huona haya kulitaja. Jambo lenyewe ni deni. Nalo hatulijui kwa kulisoma vitabuni tu, bali tumeliona kwa macho yetu. Basi twaanza kwa kisa kilichotufika sisi wenyewe.

Alifariki ndugu mmoja miongoni mwa wenzetu wa darsa. Alikuwa kibarua wa bandarini, mtu wa safu ya mbele, mpole, asiyejulikana kwa ugomvi wala kwa anasa. Maiti alipowekwa mbele ya imamu, nduguye alisimama akanadi kama ilivyo desturi yetu, kwamba amdaiye marehemu na aseme, au awaendee warithi. Msikiti mzima ukanyamaza. Hakuna aliyeinuka. Tukaona moyoni kwamba mwenzetu amekwenda zake hali ni mwepesi. Tukamsalia, tukamzika. Siku ya tatu tukala pilau ya hitima nyumbani kwake, nyama tele, tukamwombea dua, kila mtu akarudi kwake.

Hatukujua kwamba wadai wake hawakuinuka kwa sababu hawakuwamo msikitini. Walikuwamo ndani ya simu yake. Siku ya nne simu ile ikaanza kulia mkononi mwa mjane, ujumbe juu ya ujumbe: mkopo huu umepita siku zake, na huu umeongezeka, na huu ulichukuliwa ili kuulipa ule. Mjane hakuwa na habari ya hata mmoja. Juu ya hayo palikuwa na deni la duka, na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Na lililotutia aibu kuliko yote ni deni la mchele na nyama ya ile pilau tuliyoila sisi, ambayo mjane aliikopa kwa kuchelea maneno ya watu.

Tangu siku hiyo lile swali la msikitini halitupi raha. Twauliza nani amdaiye maiti wakati maiti hawezi kujibu. Kwa nini hatukumwuliza alipokuwa hai, ameketi nasi mkekani usiku baada ya usiku?

Ndugu zetu, dini yetu haikulifanyia deni mzaha. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu ndani ya sala yake na dhambi na deni, hata akaulizwa sababu ya kulitaja deni mara nyingi hivyo. Akaeleza kwamba mtu adaiwapo, asemapo husema uwongo, na aahidipo huvunja ahadi. Tazameni alipoanza: hakuanza na njaa wala kifungo, alianza na ulimi. Na ndivyo tulivyokuja kuvumbua kwa mwenzetu. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba mshahara haujatoka, ilhali ulikuwa umetoka na kumezwa na simu kabla hajafika nyumbani. Hakuwa mwongo kwa tabia yake. Deni ndilo lililomfundisha.

Tena imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba shahidi husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Na imepokewa kwamba aliletwa maiti mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza kama anadaiwa, na kama ameacha kitu. Alipoambiwa kwamba anadaiwa dinari tatu na hakuacha kitu, aliwaamuru masahaba wamsalie mwenzao, yeye akajizuia. Hapo Abu Qatada (R.A.) akasema kwamba deni lile yeye atalilipa, ndipo Mtume akamsalia. Dinari tatu tu, ndugu zetu! Je, ni wangapi kati yetu walalao leo na zaidi ya hizo, na hakuna ajuaye ila simu zao?

Wala hatusemi kwamba kila mwenye deni ni mbadhirifu. Kusema hivyo ni dhulma. Sisi twaishi ng'ambo ya kisiwa, na riziki za wengi wetu zafungamana na bandari. Treni za mizigo za reli mpya zilipoanza mwaka 2018, na mwaka 2019 serikali ilipotaka makontena yaendayo bara yapakiwe relini, madereva na matingo, wenye gereji na mama wauza vyakula wa Changamwe na Jomvu waliiona mikono yao ikibaki mitupu. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona, hata waliokuwa na kazi wakakaa. Mwaka 2022 kazi ya kutoa mizigo ilirudishwa Mombasa, lakini madeni ya miaka ile hayakuondoka pamoja na amri iliyoyaleta. Mtu aliyekopa ili watoto wale hana lawama. Lawama ipo katika mambo mawili: katika kukopa kwa lisilo lazima, na katika kulificha deni. Na hili la pili ndilo twalotaka kulishika leo, kwani ndilo limlishalo lile la kwanza.

Zamani deni lilikuwa na uso. Mwenye duka alikuwa na daftari lake juu ya meza, na kila aliyekopa unga na sukari jina lake lilikuwamo. Mke alijua, kwa kuwa mtoto ndiye aliyetumwa dukani na kurudi na jibu. Jirani alijua pia. Ilikuwa ni fedheha, naam, lakini fedheha ile ilikuwa ngao. Daftari lilipojaa, mwenye duka alikataa, na kukataa kwake kulimzuia mtu asizame. Leo mtu husimama ndani ya feri ya Likoni alfajiri, kati ya watu mamia, akabonyeza kidole mara nne, na kabla feri haijagusa ng'ambo amekwisha kukopa. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemkatalia. Na mkopo usio na shahidi ni mwepesi kuuchukua mara ya pili.

Na hesabu yake ni hii. Mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwezi wa Novemba 2012, ada yake ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Kwa ada hiyo, aliyechukua shilingi 2,000 alirudisha 2,150. Mia na hamsini mtu huiona ni bei ya kitoweo cha siku moja. Lakini akilipa leo na kesho akachukua tena kwa kuwa mfuko u mtupu, na akaendelea hivyo miezi 12, amelipa shilingi 1,800, na zile 2,000 bado zamngoja. Amenunua nini kwa zile 1,800? Hakununua hata kibiriti. Kisha mwaka 2019 ikaja Fuliza, imwezeshayo mtu kutuma au kulipa pesa asizokuwa nazo, na pesa ziingiazo katika M-Pesa yake hukatwa kwanza kulipa. Basi mshahara huingia kwa mlango wa mbele na kutoka kwa mlango wa nyuma, na mwenyewe yupo ukumbini hana habari.

Ziada hii wengine huiita ada, wengine gharama ya huduma. Lakini kubadilisha jina hakubadilishi kitu. Ziada itozwayo juu ya mkopo ndiyo riba ambayo Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, ametangaza vita juu ya wasioiacha. Twalisema hili kwa huzuni, si kwa kujiona, kwani hata katika sisi wamo walionaswa.

Sasa tusemeje juu ya dawa? Kutaja ugonjwa bila dawa ni kumwongezea mgonjwa homa. Dawa tuliyoiona ni mambo matano.

La kwanza, na ndilo mlango wa yote, ni kuandika. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqara. Ndani yake tumeamrishwa tuliandike deni pamoja na muda wake, liwe dogo au kubwa, tusichoke, na tushuhudize. Ajabu ni kwamba aya hii twaisoma kwa tajwidi nzuri, na nyumbani hatuna daftari! Chukua karatasi, ewe ndugu. Andika kila akudaiye, kiasi gani, lini, na lipi katika hayo lakua kila siku na lipi limetulia. Kisha mwite mke wako, mfunge mlango, umsomee. Saa hiyo ni nzito, hatukatai. Lakini mwanamke aujuaye ukweli hupika kwa kadiri, na aliyefichwa hutaka nguo ya Idi kwa haki yake, nawe ukamwona ni adui. Na wewe dada, ikiwa una deni la siri la vyombo au la nguo, na lako nalo liingie katika karatasi hiyo hiyo.

Tuna kiigizo katika hili. Sayyidna Umar (R.A.) alipochomwa kisu, miongoni mwa mambo aliyomwamrisha mwanawe Abdullah ni kulihesabu deni lake. Likapatikana ni kama 86,000, akaeleza walipe kutoka mali ipi kwanza na ipi baadaye. Na Zubayr bin Al-Awwam (R.A.), siku ya vita vya Ngamia, mwaka wa 36 wa Hijra, alikuwa hana hamu kubwa kuliko deni lake, akamwusia mwanawe. Mwanawe alipolihesabu alilikuta milioni mbili na laki mbili. Hakim bin Hizam alipomwuliza ni kiasi gani, kwanza alificha akasema laki moja. Alipoambiwa hata hiyo mali yao haiitoshi, ndipo alipotaja hesabu yote. Naye Hakim, baada ya kuisikia, alimwambia akishindwa na lolote aombe msaada kwake. Mwajua maana yake? Msaada ulikuja baada ya kusema hesabu yote. Afichaye nusu ya jeraha hutibiwa nusu.

La pili ni kuuza. Mtoto wa Zubayr aliuza ardhi ya baba yake, kisha akanadi miaka minne katika msimu wa Hija kwamba kila mwenye dai aje, na asiigawe mirathi kabla ya hapo. Sisi hatuna ardhi za namna hiyo, lakini tuna televisheni kubwa kuliko ukuta, na makochi ya wageni wasiokuja. Kitu kiuzikacho kikaua mkopo ukuao kila siku, kimeuzwa kwa faida. Ila tahadharini na jambo moja: dhahabu ya mke ni mali ya mke. Mahari yake ni haki yake, na mume hana ruhusa kuigusa isipokuwa kwa ridhaa yake ya kweli, si ya kununiwa siku tatu. Akitoa kwa kukukopesha, nalo ni deni, liandike.

La tatu ni kujua lipi litangulie. Lipa kwanza mkopo ukuao, kwani huo ni moto. Kwa mwenye duka, na mwenye nyumba, na jamaa aliyekukopesha bila ziada, nenda na karatasi yako mkononi, umwombe muda, umpe kidogo kila wiki, wala usimkimbie njiani. Usikope kwa huyu ili umlipe yule. Na akikutisha mkopeshaji wa simu, usikimbilie mkopo mwingine kwa hofu. Kanuni zilizotolewa mwaka 2022 chini ya Benki Kuu ya Kenya zimekataza kumtukana mdaiwa, kumtisha, na kuwapigia jamaa zake walio katika simu ili kumfedhehesha. Afanyiwaye hivyo ana pa kushitaki.

La nne ni kuigawa riziki siku iingiapo. Wengi wetu hatulipwi kwa mwezi, basi kupanga kwa mwezi hakutufai. Tuseme mtu apata shilingi 800 kwa siku, na siku za kazi ni 20 katika mwezi. Jumla ni 16,000. Ikiwa kodi ya nyumba ni 5,000, basi kila siku ya kazi 250 si zake, ni za mwenye nyumba, azitenge kabla hajavuka mlango. Mia atenge kwa deni, na mwisho wa mwezi ni 2,000. Zabaki 450, nazo kwa mwezi ni 9,000. Lakini mwezi una siku 30, na tumbo halipumziki siku isiyo na kazi. Basi matumizi ya nyumba yake ni 300 kwa siku, si 450, wala si 800. Aionaye 800 mkononi akadhani ni 800, huyo ndiye atakayekopa siku ya mvua. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Furqan, amewasifu waja wake ambao watoapo hawafanyi israfu wala hawabani, bali hushika njia ya kati. Na njia ya kati haishikiki bila hesabu. Tena upatu, au mchezo kama waitavyo baadhi ya mama zetu, ni jambo jema lisilo na riba, maadamu zamu zimeandikwa na kila mtu ni mwaminifu.

La tano ni karamu, na hapa twaomba msamaha kwa watakaochukia. Harusi zetu na hitima zetu zimekuwa milango ya deni. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mungu amrehemu, alianza kutoa Sahifa hapa Mombasa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, ili kuwaamsha Waislamu wa pwani hii na mazoea yawadhuruyo. Miaka zaidi ya tisini imepita, na twaona haya kwamba bado pana haja ya kuamshana. Mtume (S.A.W.) alipomwoa Bibi Safiyya, walima wake ulikuwa wa tende, jibini na samli. Na Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alipouawa katika vita vya Muta, Mtume aliwaamuru watu wawapikie chakula jamaa za Jaafar, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Jirani ndiye ampikiaye mfiwa. Sisi tumegeuza: mfiwa, macho yamevimba kwa kulia, ndiye atupikiaye. Na mjane asiye na kitu hukopa ili tushibe tukimwombea mumewe, ambaye roho yake i hali ya kutundikwa kwa deni. Je, dua ya namna hii yapanda na kitu gani?

Sasa tuna neno kwa wanaodai. Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda hata apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Na tuna neno kwa mwenye uwezo asiyelipa: Mtume (S.A.W.) amekuita kuchelewesha kwake dhulma. Na tuna neno kwa kamati za misikiti. Katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratu Tawba, fungu moja ni la wenye madeni. Kila Ramadhani twawagawia watu vijisenti vya kununulia futari ya siku mbili. Lau katika kila mtaa zaka ingekusanywa na nyumba mbili tatu zikatolewa kabisa katika deni, mwakani nyumba hizo zingekuwa miongoni mwa watoao.

Ama yule mjane, alikuja na simu yake na karatasi tupu. Tukaketi naye mbele ya ndugu zake, tukaandika mistari minane. Tulimweleza kwanza kwamba deni la marehemu hulipwa katika mali aliyoiacha, kabla ya mirathi kugawanywa, wala yeye hawajibiki kulilipa kwa mali yake. Akalia, kwani alikuwa amekwisha kupima bangili zake kwa sonara. Mwenye duka alipoiona karatasi alifuta nusu ya deni lake. Mwenye nyumba akakubali kulipwa kidogo kidogo. Mikopo ya simu ililipwa kwa pesa zilizotokana na baiskeli ya marehemu na vifaa vyake vya kazi, na zilizopungua zikachangwa. Na deni la pilau tulililipa sisi tulioila, kila mtu kwa kadiri yake. Halikuwa sadaka. Tulikuwa tukilipa tulichokula.

Baada ya hayo tuliagana mambo mawili katika darsa yetu, nasi twawanasihi wenzetu wayafuate. Hatuli chakula cha mfiwa, bali twampelekea. Na kila mwezi, baada ya somo, mwenye deni hukaa pembeni na wawili waaminifu, akafungua karatasi yake. Ya siri yake hayatoki pale. Mpaka sasa waliokaa pembeni ni wengi kuliko tulivyodhani, na miongoni mwao ni baadhi yetu tuandikao maneno haya.

Ndugu zetu, Abu Qatada aliinuka kwa ajili ya maiti, na Mungu atamlipa. Lakini ni bora tuinuke kwa ajili ya aliye hai. Mwulize mwenzako leo, kwa upole, kabla hajaulizwa juu yake na imamu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako na haramu yako, na kwa fadhila zako na mikono ya watu. Utulipie tusiyoweza kuyalipa, na utufishe hali ya kuwa hatudaiwi. Amin.

Wabillahi tawfiq.